Klachi Iliyosogezwa

Kwa miaka miwili nilimwomba mume wangu anifundishe kuendesha pikipiki yake. Kila mara alinijibu, "Vidole vyako vifupi, mama watoto. Klachi hutaifikia, na hiyo haibadiliki." Nilimwamini, nikaendelea kwenda kazini Harborne, mtaa wa hapa Birmingham, kwa basi.

Jumamosi moja niliisukuma pikipiki kando ili nifagie uani. Nilipoishika klachi, vidole vyangu viliifikia bila shida, tena ilikuwa laini.

Nikaenda kwa fundi wake mtaani Alum Rock, mzee Mhindi mzaliwa wa Kisumu, nikamuuliza kama klachi huweza kusogezwa.

"Ni kazi ndogo," alisema. "Unalegeza waya, unazungusha skrubu. Tulimpimia mkono yule dada unayeimba naye kwaya. Bwana wako anamfundisha. Nilidhani unajua, mama."

Dada huyo ndiye aliyenipokea nyumbani kwake nilipofika Birmingham sijui mtu.

Jioni nilimuuliza mume wangu. Hakukana. Alisema tu, "Yeye alikuwa na hamu kweli ya kujifunza."

Tuliachana kabla ya Krismasi. Kwaya nayo niliiacha, maana sikuweza tena kusimama bega kwa bega na yule dada nikaimba.