Mkono wa Cavazzuti

Katika mji ule mdogo ulio chini ya vilima vya Modena, Italia, mtu aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha magari, idara ya injini, hapeleki gari lake kwenye gereji ya watu. Ni kama mama wa nyumba kununua tortelini, vile vifungu vya unga vya kujazwa nyama, za dukani siku ya Krismasi. Hakuna atakayemwambia kitu, lakini watamsalimu kwa upole ambao hawakuwa nao jana, na upole huo ndio msiba wenyewe.

Learco Cavazzuti hakuwahi kusalimiwa hivyo. Gari lake jekundu la mbio alilinunua likiwa limepondeka, halina hata mlango, akalifufua mwenyewe enzi za ujana wake, na tangu hapo spana ya mtu mwingine haikuligusa. Hivyo ndivyo mji ulivyojua. Kila mwaka, kwenye ibada ya kubariki magari siku ya Mtakatifu Kristofa, ndilo lililotangulia mbele ya mengine yote, na padri akishalinyunyizia maji wanaume walinong'onezana, "Mkono wa Cavazzuti huo."

Kwamba mkono huo ulikuwa wa mkewe, Dirce, mwalimu mstaafu wa Kigiriki, walijua wao wawili tu.

Ilianza siku Learco aliposhindwa kuingiza plagi ya kuwashia injini kwenye tundu lake. Vidole vilitetemeka, plagi ikamponyoka, ikaingia katikati ya mabomba ya injini, naye akabaki ameinama pale kama mtu aliyepigwa. Dirce alikuwa amemletea kahawa. Aliweka kikombe chini, akafunga mlango wa banda, akavua pete, akaingiza mkono na kuitoa plagi. Mwanzoni Learco alimwelekeza kila hatua, legeza hiki, usiguse kile. Baada ya miaka hakukuwa na cha kumwelekeza. Dirce akawa anabadilisha oili, filta, breki na mikanda kwa namna aliyokuwa anasahihisha insha, bila haraka na bila huruma, huku mumewe amekaa kwenye kigoda akisoma gazeti la michezo kwa sauti, ili mpita njia asikie mwanamume yumo kazini. Mara mojamoja aligonga spana kwenye kopo.

Learco alipofariki, Vainer, rafiki yake wa tangu kiwandani, alisema kaburini kwamba mkono ule hautapatikana tena. Mkono wenyewe ulikuwa pale pale, ndani ya glavu nyeusi, umeshika tasbihi. Dirce aliitikia kwa kichwa. Kusema ukweli kungekuwa kumvua nguo marehemu mbele ya mji mzima, na yeye hakuolewa katika nyumba ile ili aivunjie jina.

Kiangazi kilipofika, maneno yakaanza baa. Vainer alimtania Loris, mtoto wa pekee wa Dirce na marehemu, kwamba sasa gari la Cavazzuti ni la kuwekewa maua. Loris ni mpima ardhi, mtu wa mashati meupe. Alirudi nyumbani amevimba, akatangaza kwamba gari litakwenda kubarikiwa kama kawaida na kwamba atalihudumia yeye mwenyewe. Dirce alimwambia taratibu kuwa mwaka huu, kwa sababu ya msiba, hakuna atakayewalaumu wakikaa nyumbani. Loris hakutaka kusikia. Na Dirce angemwambia nini zaidi? Kwamba gari liko tayari, kwamba alishalihudumia yeye majira ya kuchipua?

Basi Jumamosi, siku moja kabla ya ibada, Loris alifungua mlango wa banda wazi kabisa, kitu ambacho baba yake hakukifanya kamwe, ili kila apitaye aone. Dirce alibaki jikoni, dirishani, anakanda unga huku jicho liko chini bandani. Loris alibadilisha oili na filta, na mpaka hapo hakukosea sana. Aliwasha injini kidogo, akaizima, akaenda baa na Vainer. Waliporudi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakiangalia, akakunja uso. Ncha ilikuwa kavu.

Dirce aliacha kukanda. Gari lile si kama magari mengine. Oili yake inakaa kwenye tangi la pembeni, na injini ikizimwa na kupoa, hushuka yote tumboni mwa injini, tangi likaonekana tupu. Hupimwa injini ikiwa ya moto na inanguruma. Anayeipima ikiwa baridi anadanganywa, akiongeza anaongeza juu ya iliyojaa, na oili iliyozidi hurudi kwenye njia ya hewa ikaungua. Ni moshi wa buluu, mzito, mbele ya kanisa, mbele ya padri na watu wote.

Loris alimimina kopo la kwanza. Akapima. Akachukua la pili.

"Loris," Dirce aliita kutoka dirishani, "baba yako alikuwa anapima injini ikiwa inanguruma."

"Mama, baba hakuzungumza habari za injini mezani hata siku moja. Umeyatoa wapi?"

Vainer, ambaye kiwandani alikuwa anashona viti, aliinua kofia yake kwa heshima zote. "Shemeji, sisi hatuji kukufundisha tortelini. Tuachie haya."

Wote wawili wakacheka, si kwa ubaya. Dirce alisimama na unga mikononi. Umeyatoa wapi. Jibu lilikuwa moja tu, na mbele ya Vainer lingefika baa kabla yeye hajafunga dirisha. Akalifunga. Kopo la pili likaingia lote.

Alasiri wanaume walikwenda kanisani kupanga foleni ya magari. Kuwasha injini ili apime, Dirce asingeweza, kwa maana mlio ule unajulikana hadi kwa watoto. Aliteremka chini ya ngazi kwenye mtungi mkubwa wa divai, akachomoa mpira wa kuhamishia divai chupani, akaingia bandani na kujifungia. Alizamisha mpira kwenye tangi la oili na kunyonya upande wa pili. Oili ilimjaa mdomoni, ya vuguvugu na chungu. Aliitema kwenye tambara, akauelekeza mpira kwenye kopo lile lile alilolimaliza mwanawe. Alikusudia kujaza makopo yote mawili. Kilichoingia, kitoke.

Kopo la kwanza lilikuwa limejaa na la pili limefika nusu mlango uliposukumwa. Loris alikuwa amerudia funguo.

"Funga mlango," Dirce alisema.

Akaufunga. Alimwona mama yake amevaa aproni ya unga, mdomo mweusi, tambara limebanwa katikati ya vidole viwili namna mafundi wanavyolibana. Kopo lilipofika ukingoni, kidole gumba chake kiliubana mpira bila yeye kutazama. Tone halikuanguka.

"Mama, nani kakufundisha haya?"

"Nilikuwa namshikia baba yako taa."

"Kushika taa tu?"

Dirce alifunga kizibo cha tangi, akakifuta.

Loris aliketi kwenye kigoda. "Nilikuwa nikipita hapo nje," alisema, "namsikia baba anasoma matokeo ya mbio za baiskeli. Anasoma mfululizo, na spana inaendelea kulia. Sikuwahi kujiuliza."

"Baba yako alikuwa na sauti nzuri," alisema Dirce. "Na usijiulize sasa."

Kesho yake gari lilitangulia mbele ya mengine, likanguruma mbele ya kanisa bila hata uzi wa moshi. Padri, Don Egidio, alilinyunyizia maji. Dirce alikuwa kiti cha pembeni, amevaa glavu, ladha ya oili bado iko kooni hata baada ya komunyo. Vainer aliinama dirishani kwa Loris, machozi yanamlengalenga.

"Mkono wa Cavazzuti," alisema. "Nilidhani tumeuzika."

Loris alimgeukia mama yake. Dirce akatikisa kichwa, kidogo sana, kama alivyokuwa akimzuia mwanafunzi asijibu kabla hajaulizwa.

"Nimejitahidi, mzee," Loris akasema. Akaona haya, masikio yakamwiva. Lakini watu walipozidi kuja kumshika mkono, haya ikapungua, na walipofika nyumbani alikuwa anapiga mluzi.

Mwezi wa tisa ilibidi kubadilisha mafuta ya breki. Loris alikuja asubuhi na shati jeupe, akafunga mlango wa banda yeye mwenyewe, akavuta kigoda. Kwapani alikuwa na gazeti.

Dirce aliliangalia lile gazeti kwa muda. Kisha akavua pete, akaiweka kwenye rafu, pale pale ilipokuwa ikiwekwa siku zote, akapiga magoti kando ya gurudumu.

"Soma kwa sauti," alimwambia. "Watu wanapita."