Majani Yenye Umande

Wiki iliyopita, kule Rau, chini ya mlima, mama mmoja alinipita na mzigo wa majani mabichi kichwani. Harufu yake, tamu kidogo kama ya maharage machanga yaliyomenywa muda huohuo, ilinifikia kabla sijamwona uso. Nikasimama pale barabarani nikiwa na miaka tisa tena, mundu mkononi.

Nililelewa na Bibi huko juu mlimani, kwenye kihamba chake cha kahawa na migomba. Kwetu ng'ombe hachungwi. Hukaa bandani, na watu ndio wanaomfuata na malisho. Wa Bibi aliitwa Tunu, alikuwa na mimba, na ndama yule nilikuwa nimeahidiwa mimi.

Tunu alipenda kuliko vyote yale majani madogo yanayotambaa kando ya mfereji, yenye vijani vitatu vitatu na vifundo vya maua meupe. Bwana mifugo aliyaita klova. Sisi tuliyaita majani matatu. Tukitoka shule tulinyonya utamu wa maua yake. Yalishika udongo mvua zikija, na yaliongeza maziwa. Lakini Bibi hakumpa Tunu yakiwa mabichi. Aliyatandaza juani mpaka yanyauke, kisha akayachanganya na nyasi kavu na vipande vya mgomba. Mimi niliona ni madoido ya uzee tu.

"Ng'ombe wako anapikiwa pilau," Baba Eliya, jirani yetu, alimtania siku moja.

"Na wewe ukizaa ndama nitakupikia," Bibi akamjibu.

Asubuhi moja Bibi alikwenda misa ya kwanza. Nikaona nimfurahishe. Nikakata majani matatu, mzigo mzima, umande ukinichuruzikia shingoni, nikammwagia Tunu yote. Alikula akifumba macho. Nilimwimbia.

Bibi aliporudi, ubavu wa kushoto wa Tunu ulikuwa umevimba kupita mgongo. Ukiugusa ulikuwa mgumu kama ngoma. Alikuwa ametoa ulimi, akihema kama mtu anayepandisha mlima na gunia. Bibi akatazama majani yaliyobaki, akanitazama na mimi, kisha akavua kitenge cha kanisani na kukimbilia jikoni kuleta mafuta ya kula.

Tulimnywesha kwa chupa ya soda. Tukamfunga kijiti mdomoni ili acheue. Tukamsukuma apande mteremko, Baba Eliya aliyekuja mbio akiwa nyuma, mimi pembeni nikimshika sikio. Bwana mifugo alipopigiwa simu alijibu: "Niko mbali, Holili, Mama, nakuja." Baba Eliya akanoa kisu amtoboe ubavu kutoa hewa. Alipochoma, Tunu alikuwa ameshapiga magoti, na hakuinuka tena.

"Nani kamlisha mabichi?" Baba Eliya akauliza.

Nilizidi kulishika sikio la Tunu.

"Mimi," Bibi akasema. "Nilikuwa na haraka ya misa."

"Mama! Wewe?"

"Mimi. Uzee."

Kwetu, aliyekosa hubeba jani la isale na kumpelekea aliyemkosea, naye hawezi kulikataa. Jioni hiyo nilichuma moja kwenye mpaka wa kihamba. Nililishika nyuma ya mgongo wakati Bibi akimenya ndizi, nikalishika mpaka likalegea, kisha nikalitupa mferejini. Nilijiambia ameshanisamehe, kwa nini nimsumbue. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ule uongo wake ulikuwa zawadi, na kwamba zawadi hairudishwi.

Siku hizi Bibi amesahau karibu kila kitu. Hajui jina langu, huniita kwa jina la dada yake. Jumapili iliyopita, na harufu ya Rau bado puani, nilipanda kumwona. Nilimkuta amekaa mbele ya banda tupu, analia bila sauti.

"Shikamoo, Bibi. Unalia nini?"

"Marahaba. Nilimwua ng'ombe wangu," akasema. "Nilimlisha majani yenye umande. Mimi mwenyewe."

Nikaenda mpakani, nikachuma isale, nikapiga magoti na kumwekea mapajani. Nikamweleza yote, tangu mundu mpaka nyimbo. Alilipapasa lile jani, akatabasamu, akanishika kichwa.

"Nimepokea, mwanangu. Umekosa nini?"

Kabla sijajibu, akageukia banda, na machozi yakaanza upya.