Kashata za Mkesha wa Krismasi

Harufu ya karanga zinazokaangwa ina uvivu wake. Inatoka jikoni polepole, inapita sebuleni, inanasa kwenye mapazia, na mtu aliyelala mchana ataiota. Mimi niliiota nikiwa macho, mkesha wa Krismasi, nimesimama na mwiko mbele ya jiko la mkaa nyumbani kwetu Makole.

Mke wangu hakuwepo. Alikwenda Msalato kumwona mdogo wake aliyejifungua, na asubuhi nilimsindikiza hadi getini kwa uchangamfu uliozidi kidogo.

"Mzee, mbona leo kama unanifukuza?"

Nikacheka kicheko cha mwizi.

Nilitaka nimpikie kashata, tena zile za mama yake. Kila Krismasi tulikuwa tunakwenda Hombolo kwa mama mkwe, na kila mara tulikuta sinia mezani limefunikwa kwa kitambaa cheupe. Mke wangu alikuwa hata kusalimia hamalizi kabla hajatia kipande mdomoni. Mama huyo ametutoka mwaka huu, wakati wa mavuno. Tangu tumzike, ufunguo wa nyumba yake unaning'inia kwenye msumari jikoni kwetu, na mke wangu akipita hapo hutazama upande wa pili. Nilipomuuliza habari za sikukuu alisema, "Mwaka huu mimi sina Krismasi," akaendelea kukunja nguo. Maneno yale yaliniuma kuliko vilio vya msibani. Akilia, najua pa kumshika. Akikunja nguo, sijui.

Mapishi yenyewe nilikuwa nayo kwa kusikia tu. Mama mkwe alikuwa analoweka karanga kwanza, anazianika kwenye ungo hadi zikauke, ndipo anazikaanga. Kisha anayeyusha sukari kwa maji kidogo, anachanganya, anatandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta na kukata zikiwa bado za moto. Nikajiambia, kitu gani hapo cha kumshinda mtu mzima?

Sasa, mimi ni mtu wa Lushoto. Nimekulia penye maji ya mlimani, na haya ya chumvi ya huku sijapatana nayo tangu nilipohamishiwa Dodoma kikazi. Sabuni haitoi povu, birika linaota gamba jeupe, chai inakuwa kama kuna mtu ameililia. Kwa hiyo maji ya kunywa na kupikia nanunua dukani, kwa madumu. Hata kule Hombolo, mama mkwe kwa heshima zake aliniwekea mezani chupa ya dukani, maana alijua ya kisima chake siyawezi. Hakuwahi kunisema. Mimi nikanywa, nikashukuru.

Sinia la kwanza liliungua. La pili likagoma kuganda, nikabaki na uji wa karanga. Nililitukana jiko, nikautukana mkaa, nikamtukana na aliyegundua sukari, popote alipo. Karanga mbichi zilikuwa bado zipo. Kilichoisha ni maji. Duka limefungwa, mwenyewe kaenda kwao kula sikukuu, na bomba letu lilikuwa linakoroma upepo mtupu. Nikachukua ndoo, nikaenda kwa jirani mwenye kisima, ambako huwa tunachota maji ya kufulia.

"Shemeji," mama mwenye nyumba aliniambia, "huko kwako kunanukia karanga na wewe unachota maji ya kufulia. Unazifua?"

Nikabeba ndoo yangu nikaondoka. Niliziloweka, nikazianika uani, na lile jua ninalolilaumu kila siku likazikausha upesi. Nilikaa kwenye kigoda nikizilinda na kuku, nikasinzia kidogo, nikamwona mama mkwe akipita na kitambaa chake cheupe. Nilipozinduka mawingu yalikuwa yanajikusanya. Nikaingia jikoni, nikapika taratibu, bila matusi safari hii, na kashata zikaganda. Nilizikata zikaenda upande, lakini zilikuwa kashata. Habari za yale maji niliapa sitazisema.

Mke wangu alirudi jioni, mvua ikiwa ndiyo kwanza inagonga bati. Alikuta sinia mezani limefunikwa kwa kitambaa cheupe. Akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Zawadi yako," nikasema. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama siku ya kupeleka posa.

Alichukua kipande kidogo kuliko vyote. Akatafuna, akafumba macho.

"Kama zimeharibika..."

"Hebu nyamaza kwanza."

Akachukua kipande cha pili. Mvua ikaongea peke yake.

"Karanga umelowekea maji gani?"

Kiapo kikaniponyoka. "Ya jirani. Yale ya kufulia. Ya dukani yaliisha."

Akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Hapo nilijua pa kumshika.

"Ndizo hizi," alisema begani kwangu. "Nimejaribu mara ngapi humu jikoni, ukiwa kazini. Hazitoki. Nikasema basi, mkono wa mama umekwenda naye."

Nikatazama madumu yangu ya dukani, matupu, yamepangwa ukutani. Muda wote huo alikuwa anapikia hayo.

Akajifuta uso kwa upindo wa khanga, akaenda kwenye msumari, akatungua ufunguo.

"Kesho twende Hombolo. Tukafungue nyumba, tufagie, tule kashata zetu pale pale."

Nikasema ndiyo. Alifika mlangoni, akageuka.

"Na hayo madumu tubebe. Tutachota kwa mama."

Nikayakusanya, nikatoka nayo uani kwenye mvua, nikaanza kuyasuuza.