Nilivyopindua Mashua Bwawani Mpwapwa

Jamani, nicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Wadachi waliotutawala walishindanisha vimashua vya tanga bwawani, zawadi ng'ombe, nami nilimtaka kwa mahari ya mwanangu Yona. Fundi Elia wa misheni alinichukua katika mashua yake, unene wangu uizuie isipinduke.

"Mama Yona, upepo ukikaza, kaa upande unakotoka."

Ukakaza kweli. Mimi Mgogo nimezoea kuukimbia upepo wa vumbi, nikahamia upande wa pili. Tulikuwa wa kwanza, mashua ikapinduka.

"Bwana, nipokee!" nililia. "Ule mtungi wa pombe nyuma ya ghala ni wangu!"

Akina mama ninaowakataza pombe kila Jumapili walikuwa ukingoni wote.

"Simama, mama," Elia akasema. "Maji yanaishia magotini."