Mayi ya Batri

Mawese yakipashwa moto hutoa harufu nzito inayong'ang'ania nywele, na msimu mzima wa mvua nilikwenda kulala nikinuka hivyo. Mama alilalamika kwamba alimpeleka mtoto shule naye anarudi kama mkaanga sambaza, vile vidagaa vya ziwani kwetu. Harufu ile ilitoka katika chumba cha mwisho cha sekondari yetu huko Bagira, pembeni mwa mji wa Bukavu, shule ndogo ya mbao iliyokuwa juu ya kilima, ambako Profesa Bahati, mwalimu wetu wa kemia, aliamua kwamba hatutakariri tena kemia kama katekisimu. Tutaishika kwa mikono. Hatukuwa na maabara, kwa hiyo tulipimia katika chupa za mayonezi na kukorogea vijiti vya mianzi. Tulitengeneza sabuni kwa mawese na soda kali, zile chembe nyeupe zinazochoma ngozi ukizigusa. Miwani ya kukinga macho alituahidi kila wiki, na kila wiki tulisahau kumdai kwa sababu tulikuwa na furaha mno.

Aliyefurahi kuliko wote ni Nsimire, rafiki yangu na jirani yangu, msichana mrefu mwenye kichwa chepesi na mdomo usiopumzika. Alimkosoa profesa ubaoni bila haya, naye profesa alicheka na kufuta. Mwishoni mwa msimu ule shule za mji zingekutana Ibanda, mtaa wa katikati ya mji, kwa shindano la sayansi, maswali kwanza, kisha vitendo mbele ya majaji. Mwanafunzi bora wa timu itakayoshinda angepokelewa bure katika shule kubwa kule kule Ibanda, shule yenye maabara ya kweli. Sote tulijua kwamba kama nafasi ile ingekuja Bagira, ingekuwa ya Nsimire. Yeye mwenyewe alikwisha kuivaa kichwani. Alitaka kuwa daktari, na tulipotelemka kilima kurudi nyumbani alinipima mapigo ya moyo na kunitangazia magonjwa ambayo sijapata kuyaugua hadi leo.

Shida yetu ilikuwa maji. Mvua ikinyesha, bomba la Bagira lilitoa maji ya rangi ya chai, na siku nyingine halikutoa chochote. Sabuni yetu ilitoka na madoadoa, na profesa alisema majaji wangeikataa kwa kuiona tu. Ndipo akapata wazo. Alimgeukia Nsimire, ambaye baba yake alikuwa fundi wa magari barabarani kwetu. "Uombe papa yako mayi ya batri," alimwambia. "Ile iko safi, haina kitu ndani." Alikuwa akifikiria maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yale ambayo madereva huyaongeza katika betri iliyokauka. Lakini katika gereji za kwetu neno lile ni moja kwa vitu viwili. Mayi ya batri ni yale maji, na mayi ya batri ni asidi ya kujazia betri mpya. Vyote viwili havina rangi, na vyote viwili hukaa katika chupa za plastiki ambazo karatasi zake zilibanduka zamani. Profesa alisomea kemia katika vitabu vya Kifaransa na gereji hakuzijua. Papa wa Nsimire alizijua gereji, na soda kali alikuwa hajawahi kuishika.

Asubuhi iliyofuata Nsimire alikuja na chupa, akaibeba kama mtu aliyebeba mayai. Baba yake alimwonya asiimwage kwenye nguo, naye alidhani mzee anaonea huruma sare yake. Alimimina katika chupa ya mayonezi. Kisha akafanya kama tulivyofundishwa. Ukimimina maji juu ya soda inaweza kuruka, kwa hiyo soda ndiyo inayotiwa ndani ya maji, polepole. Hakukosea kitu. Aliinama atazame chembe zikiyeyuka, kwa sababu alipenda kutazama, na chupa ikalia kama sufuria ya mafuta iliyoingiwa na maji, ikamtemea usoni.

Sipendi kueleza kelele yake. Profesa aliruka kutoka ubaoni, akamshika kichwa, akapaza sauti tulete maji, na bomba siku ile lilikuwa kavu. Kulikuwa na bidoni moja ya yale maji ya rangi ya chai tuliyokuwa tukiyadharau. Tulimmwagia machoni hadi ikaisha, tukakimbilia majirani kuomba mengine, na teksi ya kumshusha hospitalini Ibanda ilichelewa kupatikana. Daktari alisema jicho moja limekwisha, na lingine litabaki likitofautisha mchana na usiku tu.

Katika ukumbi wa hospitali wanaume wale wawili walisimama wakitazamana. "Aliniomba mayi ya batri," alisema papa wa Nsimire, "nikamupa mayi ya batri. Sasa miye nilikosa wapi?" Profesa Bahati alijibu akilia, "Papa, miye nilisema mayi. Sikusema asidi." Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba hakuna wa kumkasirikia. Shule ilijiondoa katika shindano. Nafasi ilichukuliwa na mtoto wa shule nyingine ambaye jina lake sikulijua. Profesa aliondoka Bukavu kimyakimya, chumba cha mwisho kikafungwa kwa kufuli, na sisi tukamaliza kemia kwa kuchora vyombo ubaoni.

Sasa mimi ndiye mwalimu wa kemia, huko huko Ibanda. Wanafunzi wangu wana miwani, maji hayakosekani, na kila chupa ina jina lake kwa herufi kubwa. Nsimire anaishi kwa watu wa mume wake, kijijini Nyangezi. Mwaka juzi alikuja ameshika bega la binti yake, Furaha, akanikabidhi mtoto. "Umufundishe yote, dada," aliniambia. "Lakini asiguse kitu." Nilikubali bila kubishana, mimi ninayewahubiria wakubwa wa shule kila siku kwamba sayansi ni mikono. Furaha hukaa mstari wa mbele, wenzake wakipima na kukoroga, naye huwaambia walipokosea.

Mwaka huu tulimpeleka kwenye shindano. Katika maswali hakuna aliyemfikia. Ilipofika zamu ya vitendo alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, hadi jaji akamwuliza anangoja nini. "Maman alinikataza," alisema. Ukumbi ulicheka. Jaji akaandika sifuri, tukashindwa, na mimi, mwalimu wake, nilikuwa nimekaa nyuma nikimshukuru Mungu.