Kuna Watu Wananifuata

Leo nimeponea kulazwa hospitali, na ni kwa sababu yenu.

Tangu nimalize Form Four siongei sana, kwa hivyo Mama amenipeleka kwa mwanasaikolojia hapa mjini. Nikapewa maswali ya kupima tabia, ya kujibu Kweli au Si Kweli. Yalikuwa kwa Kiswahili. Nikafurahi, maana Kiswahili nilipata A.

(Hiyo A irudishwe.)

Daktari akapitia majibu yangu, akasimama kwenye moja.

"Umesema kuna watu wanakufuata?"

"Ndiyo, daktari."

"Tangu lini?"

"Wengi walianza wiki jana, baada ya kwaya."

"Wanataka nini?"

"Sijui. Hawasemi kitu. Wananiangalia tu."

Akashusha sauti. "Mama anajua?"

"Mama pia ananifuata."

Hapo aliweka kalamu chini, akaenda kumwita Mama. Mama akaingia akiwa ameshaanza kuomba.

Mimi, kwa kutaka kusaidia, nikatoa simu, nikafungua ukurasa wangu nilipoweka video ya kwaya, ili nimwonyeshe daktari hao watu wote. Majina yenu, picha zenu, na Mama akiwa wa kwanza.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Mama, tulia. Kumbe ni wafuasi wa mtandaoni! Huyu ana haya tu."

Nami nikacheka, kwa sauti, mbele ya mtu nisiyemjua. Hilo ndilo lililomshangaza Mama.

Sasa ninyi mnaonifuata kimya kimya, leo semeni kitu. Nimemwambia daktari kwamba mko.