Mashua ya Baba Ndani ya Beseni

Nimezaliwa Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, nikaolewa huku juu Pito, Sumbawanga, kwa watu wa mahindi na ulezi. Baba yangu alikuwa fundi wa mashua za tanga, zile zilizobeba chumvi na dagaa kabla injini hazijaenea. Sijui hata moja iliyobaki. Nyingine ziliozea mchangani, nyingine zilichanwa kuni. Ndiyo maana nazitengeneza upya, ndogo, za kukaa juu ya meza. Watu wanadhani natengeneza vya kuchezea watoto. Mtoto akigusa, namchapa mkono.

Kupima napima alivyopima baba. Yeye alitumia shibiri, na mimi kila shibiri yake naifanya pingili moja ya kidole changu cha shahada. Hesabu zake ninazo kichwani, maana alikuwa akipima huku anataja kwa sauti, na mimi niliyewapelekea mafundi uji nilisimama palepale. Kusimama niliruhusiwa. Kuuvuka mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba mashua nzima, mwanamke hakuruhusiwa.

Mbao naokota kwa seremala wa milango mjini. Nazichana nyembamba, napiga msasa, nazipinda kwa mvuke wa sufuria. Kwenye maungio sitii gundi. Natia pamba iliyolowekwa mawese, naisukuma ndani kwa ncha ya kisu.

Mwaka jana nilimaliza mashua kubwa ya baba, ile ya mwisho. Waliosafiri nayo wamekufa wote isipokuwa kaka yangu mkubwa. Mtu mwingine akiisifu, anasifu mbao tu. Nilitaka kaka aseme kama ni yenyewe. Nikaifunga kwenye khanga, nikapanda basi la Kirando nimeipakata.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umetuletea nini, maharage?"

Nikafungua khanga. Akaipindua, akaipindua tena, kama mtu anayenunua sufuria.

"Nzuri. Ya kuwekea maua."

"Maua kaweke kwenye kofia yako."

"Sasa hasira za nini? Mashua haijulikani mezani. Wifi yako atuletee beseni."

Wifi akaleta, huku ananung'unika kwamba ni beseni lake la kuoshea vyombo na hayo mawese tutayasugua wenyewe. Kaka akaweka vijiwe ndani ya mashua iwe na uzito, akaiteremsha majini.

Kipupwe cha huku juu Ufipa hukausha mbao mpaka zinalia. Nilijua itavuja, na ikavuja. Maji yalipenya kila uungio, ikashuka mpaka ukingoni. Wifi akanyoosha mkono aitoe.

"Iache," nikamwambia. "Inakunywa."

Kaka akaniangalia. Kwa baba, mashua mpya ilizamishwa ufukweni kwanza, inywe maji mpaka mbao zivimbe na kuibana pamba. Asiyejua huona chombo kimeharibika, akakimbilia kukivuta.

Tukala. Tukapeana habari za waliozaliwa na waliofariki. Beseni sikulitazama, ingawa shingo iliniuma kwa kujizuia. Kama ingeendelea kuvuja, basi miaka yote hiyo nimekuwa nikichonga mapambo.

Alasiri kaka aliyateka maji ya ndani kwa kikombe, akaipangusa kwa kitambaa, akairudisha majini. Akasubiri. Kisha akaingiza kidole mpaka chini kabisa, akakitoa. Kilikuwa kikavu.

"Mlingoti umeuweka nyuma," akasema.

"Baba aliusogeza nyuma baada ya ile dhoruba. Wewe ulikuwa umelala ndani na homa."

Akafikiri, midomo inacheza, kama anayehesabu mbao moja moja.

"Kweli. Aliusogeza." Akaishika mashua kwa mikono miwili, maji yakimchuruzikia magotini. "Ni yenyewe, mdogo wangu. Hii ndiyo tuliyosafiri nayo."

Sikulia. Nilimwomba wifi chai.

Kaka naye akatoka uani, akawaita vijana waliokuwa wakitengeneza injini ufukweni. Wakaja na mikono yao ya grisi, wakatuamkia, akawaambia wasiguse.

"Hivi ndivyo vilikuwa vyombo," akawaambia. "Hii kaiunda fundi kutoka Sumbawanga."

Nilimkatiza hapohapo.

"Fundi wa Kirando," nikasema. "Sumbawanga nimeolewa tu."

Vijana wakanigeukia, wakaniamkia upya, mmoja mmoja.